Wageni Wameondoka, Mapipa Yamebaki

Ndugu wasomaji, mwezi huu hatutaeleza ugonjwa mmoja na dawa yake kama tulivyozoea. Tunataka kuwasimulia habari za nyumba moja, kisha tutoe maoni yetu sisi wauguzi, ambayo huenda yasimpendeze kila mtu.

Nyumba yenyewe iko huku kwetu kaskazini mwa Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Kyela, si mbali na ufukwe. Miaka michache iliyopita ilikaliwa na familia ya wageni kutoka Ulaya: baba, mama na watoto watatu. Mkubwa alikuwa na miaka 11, wa kati 8 na mdogo 3. Walikuja kujitolea kwa miaka miwili. Baba ni fundi wa umeme na mitambo, akawa anatengeneza vifaa vya hospitali. Mama ni mwalimu. Hatutaji majina yao wala ya majirani zao, kwa kuwa shabaha yetu si kumsifu mtu wala kumuumbua mtu. Tunataka kujifunza.

Si jambo geni kwetu

Wageni wa namna hii hawakuanza jana. Mwaka 1891 Wamoravian na Walutheri wa Berlin walifika Unyakyusa kwa njia ya ziwa hili hili. Mmoja wa Wamoravian, Georg Martin, alifariki mwaka huo huo. Homa za bondeni ziliogopwa sana, na vituo vingi vikajengwa juu milimani penye baridi. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye mwenye kosa. Watu walidhani homa inaletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Ni mwaka 1897 tu ndipo daktari Ronald Ross, akiwa India, alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu.

Kwa upande wa Kanisa letu, mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pius XII aliandika waraka uitwao Fidei Donum, akiwaomba maaskofu wa nchi nyingine watoe mapadre wao wakasaidie Afrika. Katika miaka iliyofuata walikuja pia walei: madaktari, wauguzi, mafundi na walimu, wengine pamoja na wake na watoto wao. Shirika la madaktari wa Italia liitwalo CUAMM, lililoanzishwa Padova mwaka 1950, limefanya kazi Tanzania tangu mwaka 1968. Nao Wamarekani wa Peace Corps walianza kuja Tanganyika mwaka ule ule wa uhuru, 1961. Kwa hiyo wengi wetu tuliokwisha kupata mvi tumewahi kufundishwa, kutibiwa au kuzalishwa na mgeni wa kujitolea.

Lakini mgeni anayekuja peke yake ni tofauti na mgeni anayekuja na watoto. Aliye peke yake anaweza kuishi kama msafiri, akala popote na kulala popote. Mwenye watoto hana budi kujenga maisha: ateke maji, apike, afue, auguze, agombane na mbu, tena apatane na majirani. Hapo ndipo sisi majirani tulipata nafasi ya kuona.

Siku moja katika nyumba yao

Siku yao ilianza alfajiri kama yetu. Mama aliwasha jiko la mkaa akabandika sufuria ya maji ya kunywa. Maji yakichemka na kutokota, aliyaipua na kuyaacha yapoe humo humo yakiwa yamefunikwa, kisha akayamimina katika mtungi wa Wakisi walioununua kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema. Mtungi ule uliyafanya maji yawe ya baridi bila jokofu. Juu yake palikuwa na mfuniko, na kando palitundikwa kata yenye mpini mrefu, ili mkono wa mtu usiguse maji.

Baada ya uji na ndizi, baba alikwenda hospitalini kwa baiskeli. Mama aliwakalisha watoto wakubwa chini ya mwembe na kuwafundisha masomo ya kwao mpaka mchana. Jirani walishangaa kwanza, wakisema, “Mbona mtoto hana shule, lakini hana likizo?” Mchana walikula kama sisi: wali, maharage, ndizi za kupika, usipa, na samaki wa mbasa akipatikana. Siku za Alhamisi mama alikuja kliniki akakaa na akina mama vijana kwenye benchi, akiwaonyesha namna ya kusoma mstari wa uzito katika kadi ya mtoto: ukipanda ni heri, ukilala ni onyo, ukishuka njoo upesi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kidole chake juu ya mstari kilieleweka.

Jioni, kabla ya jua kuzama, watoto walivaa nguo za mikono mirefu. Ikifika saa mbili usiku wote watatu walikuwa ndani ya chandarua, pindo zimechomekwa chini ya godoro. Hapakuwa na mjadala. Kama kuna ngoma, kama kuna wageni, chandarua kilikuwa chandarua.

Halafu kulikuwa na mapipa. Nyuma ya nyumba walipanga mapipa matatu ya plastiki ya maji ya kuoga na kufulia. Maji yaliyotekwa ziwani leo yalimwagwa katika pipa la kwanza, yakafunikwa, na hayakuguswa mpaka zipite siku mbili. Waliotekewa kazi hiyo walicheka sana. Wakayaita “maji yanayolala”. Mzee mmoja aliuliza kama maji ya Wazungu huchoka safari.

Hatutaki msomaji adhani nyumba ile ilikuwa ya malaika. Nao walikosea. Miezi ya kwanza waliufunga mlango mchana kutwa, kwa sababu hodi hazikukoma tangu asubuhi: huyu anaomba ada, yule anaomba dawa, na watoto kumi wamejipanga dirishani. Watu wakaudhika, wakasema wageni hawa wana moyo wa jiwe. Ndipo jirani mmoja mtu mzima alipowashauri waweke benchi nje, kwenye kivuli. Kwetu mtu akishapewa mahali pa kukaa na kusalimiwa, amekaribishwa. Hayo mengine yanaweza kungoja. Benchi likawekwa na manung'uniko yakaisha. Hata watoto wao wakajua kutoka nje, kusalimu na kusema “ndaga fijo” mtu akileta mkungu wa ndizi.

“Miili yao ni laini”

Basi, tulipokuwa tukifundisha akina mama kliniki juu ya chandarua na maji ya kuchemsha, jibu tulilolisikia mara nyingi lilikuwa hili: “Muuguzi, hayo ni ya Wazungu. Miili yao ni laini. Sisi tumezoea.”

Neno hili lina ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaoua. Ni kweli kwamba mtu mzima aliyezaliwa na kukulia katika bonde hili, akaumwa malaria mara nyingi tangu utotoni, mwili wake umejifunza kupambana nayo. Anaweza kuwa na vijidudu katika damu na bado akaenda shambani. Mgeni kutoka Ulaya hana kinga hiyo. Akiumwa, anaweza kuzidiwa kwa siku chache tu.

Lakini tujiulize: kinga hiyo tuliinunua kwa bei gani? Mtu mzima anayesema “tumezoea” ni yule aliyepona. Wale ambao hawakupona hawawezi kuja kliniki kutoa ushahidi wao. Wako nyuma ya nyumba, chini ya migomba.

Tena kinga hiyo haigawiwi mtoto kama shamba la urithi. Mtoto mchanga hupata sehemu ya kinga ya mama kwa miezi michache ya mwanzo, kisha hiyo hupungua, na yeye bado hajajenga ya kwake. Mbele ya malaria, mtoto wetu wa miaka miwili naye ni mgeni. Hata mama mjamzito, hasa wa mimba ya kwanza, kinga yake haimtoshi. Hao ndio miili laini ya Kyela, nao hawakutoka Ulaya.

Juma lile la mvua

Tutawasimulia jambo moja, ingawa kulisimulia ni kuzito. Lilitokea mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimefurika na maji yamesimama kila mahali kama yanavyosimama huku kila mwaka. Mtoto mdogo wa wageni wetu alishikwa na homa usiku wa manane. Msomaji atauliza, si alilala ndani ya chandarua? Ndiyo, lakini chandarua si ukuta wa boma. Mbu anaweza kumuuma mtoto jioni anapocheza uani. Wazazi wake hawakungoja kupambazuke. Kabla ya alfajiri walikuwa mlangoni petu. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria, mtoto akaanza dawa mseto pale pale, na siku ya tatu alikuwa anakimbiza kuku.

Juma lile lile, mtoto wa jirani wa umri ule ule, waliyekuwa wakicheza naye juu ya mkeka mmoja, alishikwa na homa siku ya Jumatatu. Mama yake alinunua dukani vidonge vya kutuliza homa. Homa ikashuka, akashukuru. Jumanne alikwenda kwenye mpunga kuamia ndege, maana mpunga ndio ada, ndio nguo, ndio kila kitu. Jumatano mtoto hakutaka kula. Baba alikuwa safarini, na mama aliona si vema kutumia fedha iliyopo bila kumwuliza. Usiku ule degedege likaanza. Alhamisi alfajiri aliletwa mgongoni mwa mjomba wake, viganja vimekuwa vyeupe. Tulimchoma sindano ya malaria kali, tukamtundikia damu, tukafanya yote tuliyofundishwa. Jioni tulimfunika.

Mama wa kigeni alikaa msibani siku zote tatu juu ya mkeka, miguu imemvimba kwa kutozoea, hakusema neno. Hilo naye alikuwa amejifunza kwetu: kwamba kuna siku ambazo msaada ni kukaa tu. Na pale pale msibani mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, “Watoto wa Wazungu wana bahati.”

Ndugu msomaji, sisi tuliokuwa zamu siku zote mbili tunasema kwa hakika haikuwa bahati. Ugonjwa ulikuwa mmoja na dawa zilikuwa katika kabati moja. Wa kwanza aliletwa baada ya saa chache, wa pili baada ya siku tatu. Mtoto mwenye homa anapaswa kupimwa ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Kidonge cha kutuliza homa hakiui vijidudu, kinawaficha.

Wala hatumlaumu yule mama. Alikuwa na shamba linalomngoja, hakuwa na fedha mkononi wala ruhusa ya kuitumia. Wageni walikuwa na akiba, na hawakuhitaji kumwuliza mtu. Tofauti hizo ni za kweli, na anayehubiri usafi kwa maskini bila kuzitaja anajidanganya. Lakini kati ya mambo yaliyowakinga wale watoto watatu, yapo yanayohitaji fedha na yapo yanayohitaji uamuzi tu. Baba anayesafiri akiacha neno, “Mtoto akishikwa homa, usiningoje,” hajatumia hata shilingi moja.

Siri ya maji yanayolala

Sasa turudi kwenye yale mapipa. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono waishio katika maji yenye majani na magugu. Huogelea wakitafuta ngozi ya mtu, nao hupenya bila mtu kuhisi. Lakini maisha yao ni mafupi. Wakikosa mtu, hufa. Maji yaliyotekwa bila konokono na kuachwa siku mbili katika chombo kilichofunikwa hayana tena kichocho cha kumwambukiza mtu anayeoga. Hiyo ndiyo siri yote, na haigharimu kuni wala dawa. Tuangalie tu: maji hayo yanafaa kwa kuoga na kufua. Ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa ya maji, kwa sababu vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havijali kulala.

Kwa wale wanaosema kuni ni ghali, tunakiri ni kweli. Jua likiwa kali ipo njia nyingine: maji maangavu yaliyo katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, yalazwe juani kwa saa 6, kama kuna mawingu, siku mbili mfululizo. Katika siku za mvua za huku kwetu njia hii haifai. Siku hizo tumieni moto au dawa ya maji.

Je, mapipa yaliwakinga watoto wa wageni? Hapana, si moja kwa moja. Mtoto ni mtoto, na ziwa ni ziwa. Haikupita miezi sita wale wakubwa wawili walikuwa wanaogelea na wenzao pale penye matete, kwa siri. Tulipowapima, mmoja alikuwa na kichocho. Mama yake aliona aibu, akatuomba tusimwambie mtu. Sisi tukamwambia hakuna aibu, awalete na wale rafiki zake wote. Wakaja watoto tisa, wakapimwa, na waliokutwa na ugonjwa wakapewa prazikwanteli kwa kipimo cha uzito wao, mgeni na mwenyeji katika mstari mmoja. Huo ulikuwa mstari mzuri kuliko yote tuliyoipanga mwaka ule.

Walipoondoka

Miaka miwili ilipokwisha, kijiji kiliwaaga kwa heshima. Kuku walichinjwa, hotuba zikatolewa, mama akavishwa kitenge. Tulifurahi na tulilia.

Hivi karibuni tulipita tena. Pipa la kwanza limejaa mpunga. La pili linatumika kwa pombe ya kienyeji. Chandarua kimoja tulikiona ufukweni kikivua usipa. Benchi la akina mama la siku ya Alhamisi lilikufa mwezi ule ule alioondoka mwalimu, kwa kuwa hakuna mwenyeji aliyefundishwa kulishika. Hatulisemi hili kwa kuwashutumu wageni. Sisi wenyewe tulikuwa pale kila Alhamisi, tukaona ni kazi yake, tukaendelea na yetu.

Pipa la tatu tulilikuta kwa bibi mmoja jirani. Limefunikwa kwa bati na jiwe juu. Tulipomwuliza akajibu, “Wajukuu zangu wanaogea maji yaliyolala.” Na hospitalini kuna kijana wa hapa hapa ambaye yule fundi alimshika mkono tangu juma la kwanza, akakataa kugusa chombo chochote mpaka kijana awepo. Leo chombo kikiharibika, tunamwita yeye.

Hapo tumeona tofauti. Kilichofanywa na mgeni peke yake, hata kikiwa kizuri, kiliondoka katika begi lake. Kilichofanywa na wawili kilibaki.

Maoni yetu

Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, Peace Corps iliwaondoa watu wake wote wa kujitolea duniani, wakiwamo wa Tanzania, kwa siku chache tu. Hatuwalaumu. Mgeni ana kwao, na siku ya hatari kwao kutamwita. Lakini tuliobaki tulijifunza kwamba afya ya kijiji haiwezi kutegemea tiketi ya ndege.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kwanza, parokia inapopokea mtu wa kujitolea, isimwulize kwanza amekuja na nini. Imwulize atamwachia nani. Kabla hajafungua begi, awe na mwenzake mwenyeji katika kazi, na mwenzake huyo ajulikane kwa jina mbele ya baraza la parokia.

Pili, tumpokee mgeni kama jirani. Anayepokewa kama ghala atafunga mlango kama ghala. Tumwambie ukweli, tumfundishe kusalimu, tumwite msibani. Mtoto wake akiugua, tumwoneshe njia ya hospitali usiku. Huo ni ujirani wetu na hatuuzi.

Tatu, na hili ndilo linalotuuma. Tunao watu wetu wa kujitolea. Ni wale wahudumu wa afya wa vijiji, wengi wao akina mama, wanaotoka shambani na kupita nyumba kwa nyumba na daftari, wakiulizia chanjo, wakipima watoto, wakimhimiza mjamzito aende kliniki. Wamefanya hivyo miaka mingi kwa posho kidogo au bila posho. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano, na tunaupongeza. Lakini heshima haingoji mpango. Mgeni alipoondoka baada ya miaka miwili tulichinja kuku. Je, yule mama wa kitongojini kwetu aliyetembea kwa miaka ishirini, nani amemchinjia hata kifaranga? Akibisha hodi tunamwambia, “Leo nina kazi, pita siku nyingine.” Mgeni akisema chemsha maji, tunasikiliza kwa sababu ni mgeni. Yeye akisema, tunasema, “Huyu si binti wa fulani?”

Malaria inaweza kupungua. Hatuko katika hali ile ile ya zamani. Katika upimaji wa kitaifa wa mwaka 2007–2008, watoto wapatao 18 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano Tanzania Bara walikutwa na vijidudu vya malaria. Mwaka 2022 walikuwa karibu 8. Vyandarua, vipimo na dawa mseto vimefanya kazi hiyo, na mikono iliyovifikisha vijijini kwa sehemu kubwa ni mikono yetu wenyewe.

La kufanya mwezi huu

Kila familia ifanye mambo manne. Mama na baba wakubaliane leo, mbele ya bibi na babu wa nyumba, kwamba mtoto akishikwa homa atapelekwa kupimwa siku hiyo hiyo, hata kama mmoja hayupo. Chandarua kirudi kitandani, kikitoboka kishonwe. Maji ya kunywa yawe na mfuniko na kata yenye mpini. Na anayeishi karibu na ziwa atafute pipa, ndoo kubwa au mtungi, ayalaze maji ya kuoga siku mbili.

Mwishoni mwa mwezi, mhudumu wa afya wa kitongoji chenu akipita, mpeni kigoda akae, mpeni maji ya kunywa yaliyochemshwa, mkamsikilize mpaka amalize. Kama kuna kuku, hatutakataza.

Tunawatakia afya njema. Tutaonana tena mwezi ujao, Mungu akitujalia.